Kipimo cha Jicho

Jumanne asubuhi, dukani kukiwa na watu wanne, Fundi Jicho alimwambia Mwalimu Mkuu kwamba amenenepa.

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mafundi wanavyosema wakibanwa, kwa tabasamu, kichwa kimeinamishwa upande, huku mikono ikivuta koti lililokataa katakata kufunga. "Mwalimu, naona nyumbani mnakula vizuri siku hizi. Wiki tatu tu, umeongezeka." Seremala wa chumba cha jirani, aliyekuja kuazima mkasi, akacheka. Mama mmoja aliyekuwa akingoja sketi yake akacheka naye, kisha akajitazama tumbo.

Mwalimu Mkuu hakucheka. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini kasoro, mrefu, mwenye sauti iliyonyamazisha madarasa miaka thelathini bila kupandishwa. Ijumaa angeagwa, anastaafu, na hilo koti la bluu ndilo angelivaa mbele ya walimu wenzake na wanafunzi wake wa zamani.

"Fundi," alisema, "mimi nina presha. Kila Jumatatu napimwa uzito zahanati, na kila Jumatatu mwuguzi anaandika kilo zilezile. Jana pia kaandika. Sijaongezeka."

Akalivua koti taratibu, akalitundika mwenyewe kwenye msumari, akasema, "Leo ni Jumanne," kisha akatoka. Jicho alikosa pa kuuweka uso. Seremala akaurudisha mkasi mezani kabla hata hajautumia, akakumbuka kwamba ana kazi.

Inabidi ieleweke jina la Jicho lilitoka wapi, maana mwenyewe alilipenda kuliko lile alilopewa na mama yake. Jicho hakutumia tepu. Mteja akiingia, alimtazama toka utosini hadi kwenye viatu, akafumba jicho moja, akasema, "Tayari, njoo Alhamisi." Na Alhamisi nguo ilimkaa mtu utadhani amezaliwa nayo. Watu walitoka mitaa ya mbali waje waone tu. Wengine walishonesha nguo wasizozihitaji, mradi na wao wapimwe kwa kutazamwa. Mtu akisifiwa hivyo miaka kumi na mmoja, kichwa lazima kivimbe, na cha Jicho kilikuwa kimevimba kiasi cha kuhitaji kofia ya kushonesha.

Mwezi mmoja kabla ya Jumanne hiyo, chama cha wafanyabiashara wadogo kilimwalika atoe mada kwenye semina yao. Mwenyekiti wa chama, muuza vifaa vya umeme aliyependa sana maneno makubwa, alikuwa ameiita semina hiyo "Mtazamo wa Mshindi". Jicho alisimama mbele ya wauza mboga, vinyozi, mama wa saluni na mafundi wa kila aina, akajipiga kifua. "Tepu ni ya waoga," aliwaambia. "Mimi nilianza peke yangu, niko peke yangu, na silaha yangu ni moja, kujiamini." Wakapiga makofi mpaka viti vikasogea. Mwenyekiti alirekodi yote kwenye simu, na baada ya siku mbili mtaa mzima ulikuwa na hotuba hiyo. Seremala aliisikiliza mara tano, akajiamini, akakata mlango wa mteja kwa macho. Mlango huo ulikuwa bado umeegemezwa ukutani kwake, haukuingia kwenye fremu wala haukuweza kurudi kuwa ubao.

Wiki hiyohiyo ya semina, Dada wa Vifungo aliomba ruhusa. Huyu alikuwa mama wa miaka hamsini na kidogo, mpole, aliyekaa nyuma ya pazia la duka akishonea vifungo, akipindia pindo na kupiga pasi. Alikuwa na tabia moja iliyomkera Jicho: kukumbatia wateja. Wanawake aliwakumbatia kwa muda mrefu, mikono ikizunguka migongo. Wanaume aliwatoa nyuzi mabegani, hata kama nyuzi zenyewe hazikuwepo. Jicho aliwahi kumwambia, "Dada, hii ni biashara, si msiba. Punguza kukumbatia watu." Dada akajibu, "Sawa, kaka," na mteja aliyefuata akamkumbatia vilevile. Sasa binti yake alikuwa amejifungua, naye alikwenda kumtunza.

Tangu aondoke, nguo zilianza kurudi. Suruali zilibana, magauni yalining'inia, shati la kinyozi lilikuwa na mkono mmoja wa mtu mwingine kabisa. Jicho alilaumu kitambaa, akalaumu sabuni, akalaumu pasi, akalaumu vyakula vya watu. Jumanne ilipofika alikuwa ameshalaumu kila kitu kilichokuwa karibu.

Mchana huo alifunga duka mapema ili alifumue koti bila kuonekana. Pini zilimwishia. Akaenda nyuma ya pazia, akafungua droo ya Dada wa Vifungo, na chini ya kopo la pini akakuta daftari nene la shule lililofungwa kwa mpira. Alidhani ni nyimbo za kwaya. Akalifungua, akalisogeza mbali na uso mpaka mkono ukaisha, kwa sababu macho yake yalikuwa hayaoni vizuri vitu vya karibu, na hilo hakuwa amemwambia mtu. Jicho avae miwani? Watu wangemwita nani?

*Baba wa mapacha. Suruali. Jicho kakata ndefu inchi mbili. Nimepunguza.*

*Mama wa saluni. Gauni. Jicho kakosea kiuno. Nimefumua pembeni, nimeongeza.*

*Bibi harusi, mtoto wa muuza maziwa. Nimefumua lote. Nimeshona upya.*

*Mwalimu Mkuu. Kifua 41. Bega la kushoto limeshuka nusu inchi. Jicho kakata 38.*

Hilo la mwisho lilikuwa la miaka mitano nyuma, la koti jingine, lile la kijivu ambalo Mwalimu alilisifia mpaka akaleta wadogo zake. Jicho aligeuza kurasa. Kila mteja alikuwemo. Kila nguo aliyowahi kupigiwa makofi ilikuwa na neno *nimefumua* pembeni yake. Katikati ya daftari kulikuwa na kamba nyembamba yenye mafundo, fundo moja kila inchi, laini kwa kushikwashikwa. Hapo ndipo alipoyaelewa yale makumbatio. Mikono iliyozunguka migongo ya watu ilikuwa inapima, na nyuzi za mabegani hazikuwepo kwa sababu alichotafuta ni upana wa bega.

Alikaa kwenye kigoda chake Dada, magoti yakimgusa kidevu. Alijaribu kukasirika. Alijiambia kwamba amedanganywa ndani ya duka lake mwenyewe, lakini hasira haikushika. Kilichoshika ni aibu, na haikuwa ile ya asubuhi. Ile ilikuwa ya usoni, ya kuonekana na watu. Hii ilikuwa yake peke yake, hapakuwa na wa kumwona. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mstari mmoja tu: *Jicho haoni karibu tangu mwaka juzi. Akatie mlangoni, kuna mwanga.* Akakumbuka jinsi alivyokuwa akiambiwa, "Kaka, meza tuisogeze huku mlangoni, upepo mzuri," naye akadhani anabembelezwa kama bosi.

Jumatano alikwenda nyumbani kwa binti wa Dada, koti na daftari vikiwa ndani ya mfuko. Alipokelewa vizuri, na hilo lilimwumiza zaidi. Binti alimwamkia, akampa kiti, akamwondoa mtoto mapajani mwa bibi yake, akawaachia sebule. Jicho aliuliza habari za mtoto, akauliza amefanana na nani, akauliza kama analala vizuri. Alipomaliza kuuliza yote yanayoulizwa kuhusu mtoto wa mwezi mmoja, akatoa koti.

"Hili la Mwalimu lina shida kidogo."

Dada wa Vifungo alilitandaza mapajani, akapitisha vidole kwenye mshono wa ubavuni. "Thelathini na nane," alisema. "Tena."

"Nimeliona daftari, dada."

"Najua. Usingekuja mpaka huku kwa ajili ya vifungo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia." Aliongea bila kumtazama, vidole bado viko kwenye mshono. "Mwezi wa kwanza nilipoanza kazi. Suruali ya bwana harusi. Nikakwambia, kaka, naona kama fupi. Duka lilikuwa limejaa watu. Ukanijibu, wewe shona vifungo. Watu wakacheka. Tangu siku ile mtaa mzima unaniita hivyo."

Jicho hakuwa na kumbukumbu hiyo hata chembe. Miaka yote alidhani ni jina la utani lililoota lenyewe, la kupendana, na yeye ndiye alikuwa akiliita kwa sauti kubwa kuliko wote.

"Nilikuja kwako nikiwa fundi," Dada akaendelea. "Nilikuwa na cherehani yangu, nikaiuza mume wangu alipougua. Uliniuliza naweza kushonea vifungo? Nikasema naweza. Hukuniuliza kingine."

"Sasa mbona ulikuwa unarekebisha?"

"Watu wangevaa nini?"

Ndani, mtoto alilia kidogo, akanyamazishwa. Dada akaendelea, kwa sauti ileile ya kuongelea bei ya uzi. "Ile hotuba yako, binti alinionyesha kwenye simu. Nimeiangalia yote. Nilitaka nione utafika wapi."

"Na nilifika wapi?"

"Ulifika peke yako."

"Samahani, dada."

"Nimeisikia."

Hapo angenyamaza, angekuwa amejisaidia sana. Lakini Jicho alikuwa na Ijumaa kichwani. "Basi nisaidie hili moja," alisema, "keshokutwa lishavaliwa. Mwalimu wala hatajua." Maneno yalipomtoka aliyasikia mwenyewe, akatamani ayarudishe mdomoni.

Dada wa Vifungo alilikunja koti vizuri, mikono ndani, kola juu, akampa. "Miaka kumi na mmoja hawakujua. Inatosha. Kwa mlango wa nyuma siligusi tena. Mwalimu alilete mwenyewe, akijua anamletea nani."

Shule ilikuwa mwendo wa robo saa. Jicho alitumia saa nzima. Alilipita geti mara mbili, kama mtoto asiyefanya kazi ya nyumbani, na mara ya tatu mlinzi akamwuliza kama amepotea. Ofisi ya Mwalimu Mkuu ilikuwa na maboksi sakafuni na kuta tupu zenye alama za picha zilizoondolewa. Jicho hakukaa. Alieleza akiwa amesimama, daftari mkononi, na Mwalimu akamsikiliza vile anavyomsikiliza mtoto aliyenakili mtihani.

"Miaka yote?"

"Yote, Mwalimu."

"Na kule kunikumbatia?"

"Alikuwa anakupima."

Mwalimu aligeukia dirishani. Uwanjani watoto walikuwa wakipanga viti vya Ijumaa kwa kelele. "Tangu mume wangu afariki," alisema baadaye, "aliyekuwa ananikumbatia ni yeye tu. Mara nyingine nilikuwa nakuja dukani kwako sina cha kushona." Jicho hakujua aombe radhi kwa lipi tena, yalikuwa yameshakuwa mengi. Akaliweka koti mezani, akaandika kwenye karatasi njia ya kufika kwa binti.

"Nitamwuliza mwenyewe," Mwalimu akasema, akaichukua karatasi. "Na wewe, jana uliniambia nimenenepa."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Mbele za watu."

"Ndiyo."

"Basi kazi yako unaijua."

Alhamisi Jicho alinunua miwani, akakaa nayo mfukoni siku nzima. Usiku hakulala vizuri. Alipanga maneno ya kusema, machache na ya heshima, yenye kueleza bila kujidhalilisha sana.

Ijumaa uwanja wa shule ulijaa. Mwalimu Mkuu alishuka ngazi za ofisi amevaa koti la bluu, na lilimkaa. Bega la kushoto lililoshuka halikuonekana limeshuka. Vifungo vilifunga bila kuvuta. Dada wa Vifungo alikuwa kwenye kiti cha safu ya pili, karibu na walimu, amevaa gauni alilojishonea mwenyewe, na Jicho alijiuliza kwa nini hakuwahi kumwona na gauni zuri namna ile, kisha akakumbuka kwamba dukani alimwona akiwa nyuma ya pazia. Kabla ya sherehe kuanza Mwalimu alimfuata pale alipo, wakakumbatiana, wakakaa hivyo mpaka watu wakaanza kutazama kwingine. Nguo ilikuwa imeshashonwa, hapakuwa na cha kupima.

Baada ya hotuba na zawadi watu walisimama kunywa maji na soda. Jicho alianza kusogea, maneno yake yamepangwa. Ndipo mkono mzito ukamwangukia begani. Alikuwa Mwenyekiti wa chama, mzazi wa zamani wa shule hiyo.

"Jicho! Hilo koti! Usiniambie na hilo hukupima!"

"Asante," Jicho akasema. "Asante sana."

Lilimtoka tu. Miaka kumi na mmoja ulimi ulikuwa umezoea neno moja, na ulilitoa kabla mwenyewe hajafika. Akageuka, na hatua mbili kutoka pale alikuwa amesimama Dada wa Vifungo na glasi ya maji. Alikuwa amesikia. Hakukunja uso wala hakutikisa kichwa. Alikunywa maji yake kama mtu aliyekuwa akilitarajia neno hilo na limekuja kwa wakati. Jicho aliona aibu ambayo hakujua kwamba bado imebaki, baada ya zote za wiki hiyo. Maneno ya heshima aliyoyapanga yakampotea yote.

"Mwenyekiti, si mimi," akasema.

Mwenyekiti akaangua kicheko. "Mnamwona? Unyenyekevu! Ndiyo mtazamo wenyewe huo."

"Nakwambia si mimi. Nililikata dogo. Kalirekebisha yeye." Akamwonyesha Dada kwa mkono mzima.

"Sawa, vifungo lazima mtu ashonee," Mwenyekiti akasema kwa ukarimu, akimkonyeza Dada.

"Si vifungo!" Sasa alipaza sauti, na watu wa karibu wakageuka, kisha wa mbali. "Nguo zangu zote mlizonisifia, nilizikosea. Mimi nakata, yeye anafumua. Mnamkumbuka bibi harusi, mtoto wa muuza maziwa? Lile gauni alilishona yeye, lote. Nilisema niko peke yangu, nilisema uongo. Huyu ni fundi. Vifungo nilimwita mimi, kwa ujinga wangu. Na Mwalimu hajanenepa."

Mwenyekiti aliyekuwa ameshatoa simu arekodi akairudisha mfukoni. Mwalimu Mkuu, kutoka alipokuwa, aliitikia kwa kichwa mara moja, kama anaweka alama ya vema kwenye hesabu ndefu. Kule nyuma seremala akaita, "Kwa hiyo na mlango wangu?"

"Na mlango wako, samahani," Jicho akasema, na watu wakavunjika mbavu, naye akasimama katikati ya kicheko hicho, hana pa kwenda, mpaka kikaisha.

Walipotawanyika alimsogelea Dada. Alikuwa amelowa jasho mgongoni. "Nimesema," akamwambia, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayengoja kuambiwa vizuri.

"Nimesikia, kaka." Aliiweka glasi mezani, akajifuta vidole. "Hawa ni wageni wa Mwalimu. Wateja wetu bado hujawaambia."

Alisema *wetu*. Jicho hakuthubutu kuuliza maana yake, wala kama ni ahadi, wala kama Jumatatu atakuja. Aliitikia, akaenda zake nyumbani kwa miguu.

Jumamosi alifungua duka saa mbili. Alivaa miwani, akaning'iniza tepu shingoni, akalivua pazia la nyuma kwenye fimbo yake na kulikunja. Mteja wa kwanza alikuwa baba wa mapacha, kaleta kitambaa cha suruali, akasimama wima mbele ya mlango, mikono ubavuni, anangoja kutazamwa. Jicho alimkaribisha kiti, na kabla salamu hazijaisha akamwambia yote, uso ukimwaka, macho yakiwa kwenye kitambaa cha watu. Baba wa mapacha alimsikiliza. Akaitazama suruali aliyoivaa, akaishika pindo. Kisha akauliza, bila ubaya wowote, "Sasa fundi atakuja saa ngapi?"

"Sijui kama atakuja," Jicho akajibu.

"Basi nitamngoja," yule baba akasema, akakaa na kitambaa chake mapajani.

Jicho alidhani akishasema itakuwa nafuu, lakini haikuwa. Mlangoni akatokea mama wa saluni. Jicho akasimama, akamkaribisha kiti, akaanza upya.